Mwezi Ujao

Kampuni haioshwi, haikafiniwi.
Haina eda, haina arubaini.
Siku ya tatu baada ya kumzika baba
malori yake yalitoka Rusayl kama kawaida,
yamebeba rangi za kuta za watu,
jina letu ubavuni kwa buluu: Humud na Wanawe.

Wakili Idris, Msudani mpole wa sauti,
alitueleza mara mbili kwa Kiarabu cha vitabuni,
nami nikamgeuzia mama kwenye simu, kwa Kiswahili cha Wete:
kesi ya jinai ya baba imekufa pamoja naye.
Hakimu hamhukumu maiti.
Mshtakiwa wa kwanza amefutwa.
Mshtakiwa wa pili, kampuni, yu hai,
ataendelea kuitwa na kuitika.
Nyinyi warithi hamfungwi kwa kosa lake.
Ila fidia ni deni, na deni hutangulia:
kwanza sanda, kisha deni, kisha wasia,
kitakachobaki ndicho mgawane.

Mama yumo edani, hatoki.
Hati ya uwarithi ilimfuata Al Khoud ndani ya bahasha.
Akatia saini chini ya thumni yake,
akauliza, "Na jina lake? Jina hugawiwa vipi?"

Hilo Idris hakulijibu.
Kufutwa si kuachiwa.
Baba hakuambiwa mkosa, hakuambiwa msafi;
alibaki katikati, kama taa iliyosahauliwa
ndani ya chumba kilichokwisha fungwa.

Yarub, kaka yangu, akasema alhamdulillahi, tuuze hisa.
Mimi nikasema, nataka hukumu.
Nataka mtu mwenye joho asimame atamke:
Humud bin Muhenna hana hatia.
Idris akasugua miwani yake.
Kesi ya marehemu huna, akasema,
lakini makaratasi ya kiwanda sasa ni yenu.

Maboksi manne. Nilianza Alhamisi usiku,
kiyoyozi kinakohoa.
Risiti za maji ya kunywa. Bima iliyokwisha muda.
Picha ya tangi namba sita,
tundu lake la juu jembamba kama mdomo wa mtungi.
Rafiqul Mia, miaka ishirini na tisa,
aliteremka humo kwenda kusugua
na kitambaa puani, basi.

Chini kabisa, ombi la msimamizi:
barakoa kumi za hewa, feni moja ya kunyonya mvuke.
Pembeni, kwa wino wa kijani
ule ule uliotia saini ripoti zangu za skuli:
*mwezi ujao, inshallah.*
Ombi la Machi. Ombi la Aprili. Ombi la Mei.
Kijani, kijani, kijani.
Juni hakuna ombi. Juni ndiyo aliyokufa Rafiqul.

Nilimsomea mama. Alinyamaza
hata nikadhani simu imekatika.
"Nioneshe," akasema. Nikampelekea picha.
"Ndio mwandiko wake."

Kuna karatasi nyingine, ya ubalozi:
mjane, mabinti wawili,
mama aliyetia dole gumba kwa sababu hajui kuandika.
Juu yake, kwa chapa ile ile ya hati yetu,
neno lile lile: *warithi*.

Wahenga walisema
mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Hawakusema habari ya usufi uliorowa.

Jumapili Yarub hakuja. Ana kikao, alisema.
Karani akaita, bila kuinua uso,
"Humud na Wanawe."
Mimi si katika hao wanawe, ni binti;
walipoandika jina lile ubaoni
nilikuwa tumboni, na hakuna aliyeniulizia.
"Humud na Wanawe, yupo?"
Mkalimani wa Kibangla akageuka kutazama viti.

Karatasi tatu zilikuwa mapajani mwangu,
zimeanza kulowa jasho la viganja.

Nikasimama.