Picha za Kujazia

Umeme umekatika mara mbili tangu magharibi.
Betri ya kompyuta inanihesabia dakika
kama mwenye duka anayenidai.
Arua imelala. Juu ya duka la vipuri
mimi nakatakata maneno ya Mama Driciru.

Alisema dakika arobaini. Shirika linataka tatu.
Nimeondoa kikohozi, nimeondoa jogoo,
nimeondoa pale aliponiuliza, "Mwanangu, umekula?"
Na kila nilipokata, kichwa chake kinaruka
kama mtu aliyezabwa kofi na hewa.

Ndiyo kazi ya picha za kujazia:
sauti iendelee, macho yapelekwe kwingine,
kovu lisionekane.
Afeku huzipiga mwisho, jua likishachoka,
bila kumwambia mtu atazame wapi.
Kwenye faili ameandika tu:
MIKONO. MLANGO. KUKU. VYOMBO.

Nahitaji sekunde saba juu ya sentensi hii:
"Nilishazoea. Naishi peke yangu.
Aliyeondoka nimemsamehe."
Naweka MLANGO. Mkavu, kama tangazo la rangi.
KUKU, hapana, watu watacheka.
VYOMBO, basi.

Anaosha kikombe cha bati,
anakifuta kwa ncha ya kitenge,
anakipindua juu ya uchanja.
Halafu anaosha cha pili.

Cha pili hakikuwa kichafu.
Nimerudisha mara tano,
nimekuza picha mpaka ikawa mchanga:
kikavu, hakijanywewa,
naye anakisugua ukingo kwa kidole gumba,
polepole, pale mdomo unapogusa.
Na juu yake sauti yake mwenyewe, thabiti:
naishi peke yangu.

Nilifundishwa picha isibishane na maneno.
Nimewahi kumwaga mvua juu ya kilio cha kiangazi.
Nimewahi kuwachunga ng'ombe wa Moyo
katika hadithi ya Yumbe,
wala hakuna aliyekuja kuwadai.

Asubuhi watapiga simu kutoka Kampala.
Watataka mizinga ya nyuki, watataka tabasamu.
Lipo, dakika ya thelathini na moja,
alipokuwa anamfukuza mbuzi.

Betri, asilimia sita.
Nakiburuta kikombe cha pili hadi mwisho wake,
napunguza sauti ya maji,
nahifadhi
kabla kompyuta haijaanza kuniuliza
kama nina hakika.