Nyuzi Kumi na Tisa

Kwanza nilizima swichi kuu.
Kisha nikapima kwa testa, maana swichi kuu za Shangani
niliwahi kuziamini siku moja,
na kidole hiki cha shahada
hadi leo hakijui moto wala baridi.

Kifuniko cha zamani kikang'oka na vumbi na mjusi mkavu.
Nyuma yake nyaya sita, zote nyekundu.
Zote!
Aliyenitangulia, Mungu amrehemu au amtie adabu,
alinunua rola moja, rangi moja, akaifunga nyumba nzima
akaenda zake na fumbo lake.

Nikakaa juu ya ngazi kujitegea na kujitegua.
Huu fezi. Huu nyutro.
Huu unaita feni ndogo, huu feni kubwa,
huu unafungua vali ya maji ya baridi.
Huu hauendi popote.
Kila nyumba ina waya mmoja usiokwenda popote.
Huwa naufunga tepu, siukati. Huwezi jua.

Bi Somoe alikuwa chini yangu, kwenye kiti cha plastiki,
skrubu zangu kiganjani mwake, anazihesabu kila mara
kama korosho za mtu asiyemwamini.
"Hicho kidude kina akili?"
"Kina saa, Bibi. Ukikipa saa, kinaleta baridi."
"Mchopa ndiye kakileta. Yuko Dodoma.
Anasema ataniwashia kwa simu."
Akazihesabu tena.
"Toka Dodoma."

Kipya ni kidogo kuliko cha zamani.
Ukutani pakabaki mraba wa rangi ya mwaka mwingine.
Nikaomba radhi. Hakutazama.

"Baridi uitake saa ngapi?"
"Saa kumi."
Nikaandika kumi, kidude kikakubali,
kwa kuwa kidude hakikulelewa huku,
kwake siku huanza usiku wa manane, watu wamelala,
na kumi yake ni saa nne yetu.
Nikafuta. Nikahesabu kwa vidole. Nikaweka kumi na sita,
jua la alasiri, nani asingetaka?
"Alfajiri, wewe."
"Alfajiri kumepoa, Bibi. Utakula yuniti za bure."

"Kumepoa," akasema, "kwenu nyie wa pwani."
Newala saa kumi ndiyo ilikuwa saa ya maji.
Yeye na dada yake Asumini, ndoo mbili, kata moja,
wanateremka hadi chemchemi, ukungu umelala njiani,
wakipumua wanaiona pumzi yao ikitangulia.
"Mwili haujasahau. Saa kumi unaniamsha.
Naamka kwenye joto,
sina ndoo,
sijui niende wapi."

Nikakaa kimya, bisibisi mdomoni.
"Nyuzi ngapi, Bibi?"
"Nyuzi za nini?"
"Za joto."
"Sizijui. Weka pale mtu anapotafuta kanga ya pili."
Nikaweka kumi na tisa.

"Na hii ya simu, niiunge?"
"Iache."
"Mchopa atauliza."
"Mwambie mtandao wa Mtwara."

Nikarudisha umeme. Tik, ukutani.
Darini feni ikakohoa, ikatafuta sauti yake, ikaipata.
Niliinua mkono kwenye tundu:
vidole vinne vikasema baridi,
cha shahada kikanyamaza.
Alinilipa kwa noti zilizokunjwa mara nane
akanirudishia skrubu moja iliyozidi.
Sijui ni ya wapi. Nilivyokagua, hakuna kilicholegea.

Usiku ule, kwangu Chikongola, niliamka bila mkojo wala ndoto.
Simu ilisema sifuri nne na dakika tatu.
Joto lile lile, shuka miguuni, mbu mmoja.
Nikawaza vali inavyofunguka gizani kule Shangani,
maji yanavyopita kwenye bomba
kumfuata mtu ambaye zamani aliyafuata yeye.
Nikahesabu yuniti zake, nikaacha katikati.