Aliyebisha

Kitabu chenyewe kilikuwa kigumu.
Kurasa mia saba na kumi na mbili,
sentensi zinazoanza asubuhi na kukoma
ukiwa umekwisha kusahau nani alikuwa akisema.
Mzevinar alikisoma jikoni, mjini Kutaisi,
kipupwe kile ambacho umeme ulikuja
saa mbili kwa siku, pengine usije,
na jiko la mafuta ya taa likaacha masizi
kwenye ukingo wa kila ukurasa.

Mengi hakuyaelewa. Hakuficha:
"Huyu Mjerumani anauzunguka mlima mzima
kutafuta mlango wa nyumba iliyo bondeni."
Ila sura ya tisa aliielewa.
Theluji. Usiku. Nyumba ya mwisho barabarani.
Mtu anabisha mara tatu, anangoja,
anaondoka kabla mlango haujafunguliwa,
na kitabu hakimtaji tena.

Gocha, mwanawe, hakurudi kutoka Sokhumi.
Hakuna jeneza, hakuna barua,
kofia moja tu, iliyoletwa na mtu aliyekataa chai.
Basi Mzevinar alimjua aliyebisha.
Akakunja pembe ya ukurasa.
Tangu hapo akilala, komeo hafungi.

Miaka ishirini na minane baadaye
Tekle, mjukuu, akarudi na shahada ya Leipzig
na kitabu kilekile kwa Kijerumani chake.
Sura ya tisa alikuwa ameifikia ndani ya treni.
Akasoma. Akarudia.
Aliyebisha alikuwa mwanamke.
Herufi tatu tu, kiwakilishi cha kike,
kimesimama thelujini waziwazi,
hakina wasiwasi.

Kijojia hakina yeye wa kike wala wa kiume.
Nacho Kiswahili, hiki ninachokuandikia,
ni vivyo hivyo: tazama nilivyosema *anabisha*,
irabu moja imevaa koti refu
na hujui ndani ya koti ni nani.
Sikukudanganya. Wala sikukuambia.

Akamtafuta mfasiri. Bwana Ermile,
miaka tisini na mmoja, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
paka mmoja, kamusi tano zisizo na majalada.
"Ulikosea," Tekle akasema, kisha akaona haya.
Ermile akamenya tufaha
mpaka ganda likaning'inia zima.
"Ningeweza kuandika *yule mwanamke*.
Niliandika. Nikafuta. Nikaandika.
Lilikuwa neno zito, kama kupiga kengele
mahali mwandishi aliponong'ona.
Halafu mshumaa ukaisha.
Asubuhi nikaingia sura ya kumi.
Nilihitaji pesa ya unga, mwanangu.
Sasa vyuoni wanaandika tasnifu
juu ya fumbo la mgeni asiye na sura.
Mimi nalijua fumbo hilo. Lilikuwa la nta,
refu kama kidole hiki."

Akampa nusu ya tufaha. Hakumpa ushauri.

Macho ya bibi yamefifia. Anasema,
"Nisomee hicho cha kwao. Nataka kusikia
wao wanakisemaje."
Tekle anasoma kwa Kijerumani kimoyomoyo,
anatamka kwa Kijojia, taratibu,
kama anayevuka Rioni kwa kukanyaga mawe.
Theluji. Usiku. Nyumba ya mwisho.
Hapo ulimi unasita.
Jiko linatoa mlio. Bibi anangoja,
kisha anachoka kungoja.

"Huko kwao, anabisha mara ngapi?"
"Tatu."
"Na mlango?"
"Wanachelewa kuufungua."
Mzevinar anapapasa mezani, anaokota chembe ya mkate,
anaitia kinywani.
"Basi Wajerumani wamekitafsiri vizuri," anasema.
"Endelea."