Mto Umevaa Shuka

Jumanne, saa moja asubuhi, mto Mkulumuzi.
Chupa ya kwanza nimeijaza juu, kwenye mawe ya chokaa,
kabla maji hayajaonja mkono wa mtu.
Ya nne naijaza chini, karibu na daraja.
Kati ya chupa hizo mbili
yupo mama yangu.

Anafua mashuka ya gesti, jozi arobaini,
sketi kaifunga kibwebwe, miguu imekwajuka.
Unga wa sabuni anaumwaga kwa kiganja, hapimi.
“Bila povu,” asema, “mteja haamini.”
Akiniona na chupa zangu, hunitania:
Kitendawili!
Tega.
Nimemfulia jirani, mto ukavaa shuka.
Namwachia mji. Jibu linapita mbele yetu,
jeupe, limebeba majani makavu na kifuniko cha soda.

Maabara, Bwana Singano ananikabidhi dawa,
tone moja, mbili, tatu.
Chupa ya kwanza imenyamaza, haina rangi.
Ya nne imegeuka njano ya bizari.
Amonia.

Nimesomea haya, lakini sijui nimwelezeje mama
kwamba juu ya kila jiwe lenye utelezi
wapo vibarua asiowaona, hawasaini daftari.
Jani likioza, perege akikojoa,
amonia hutoka, kali, huchoma matamvua.
Kibarua wa kwanza huipokea, akaifanya nitriti.
Wa pili haiachi hivyo, nayo bado ni sumu,
huigeuza nitrati, mwani ukapata kula.
Na kule chini topeni, gizani, pasipo hewa,
wa tatu huivunja nitrati,
akairudisha angani naitrojeni tupu,
ile inayojaa kila pumzi yetu na hatuijui jina.

Sabuni haichagui.
Imeumbwa kuvunja mafuta,
na vibarua hawa ngozi yao ni mafuta.
Inawafua mpaka wanatoboka.
Zamu ya kwanza haijafika kazini,
ya pili inangoja mzigo, mzigo hauji,
amonia imerundikana mlangoni
na perege wamepanda juu, midomo wazi,
watoto wanawaokota kwa kanga wakidhani ni bahati.

Naitrojeni niliisoma kwenye gunia kabla ya kitabu.
Baba alikuwa mshona magunia, kiwanda cha mbolea,
na lililochanika alikuja nalo nyumbani, tukalilalia.
N, kisha namba. Niliipitisha kidole kila usiku.
Kiwanda kilipofungwa, baba alikaa barazani miezi saba.
Mama hakukaa. Alishuka mtoni na beseni.
Ada yangu ya sekondari imetoka humu, povu kwa povu.
Hata koti hili jeupe la maabara
Ijumaa analifua yeye. Humu humu.

Fomu ina mstari: Chanzo cha uchafuzi.
Kalamu imekauka juu yake mara mbili.
Niliandika “shughuli za binadamu”,
Bwana Singano akacheka, “Binadamu yupi, Mwanatumu?”

Jioni nilimwambia. Sikumficha kitu.
Alikamua shuka mpaka likalia.
“Kwa hiyo nimeua wasioonekana,
ili wewe uonekane.”
Kisha, baada ya muda:
“Nifulie nini, majivu?”

Tumechimba shimo, hatua thelathini kutoka ukingoni,
kwenye migomba ya Riziki Kidundo.
Maji machafu tunayabeba kwa ndoo, mgongo unauma.
Sabuni ni ya mche, na kidogo.
Gesti wamerudisha mashuka sita, wanasema hayang'ai.
Wengine kumi na wawili bado wanafua pale pale,
na nani atawalipa ndoo zao?

Leo Jumanne tena. Tone moja, mbili, tatu.
Chupa ya nne ni njano.
Imefifia kidogo,
au ni macho yangu
yanamtetea mama.