Nati Kwanza

Paysandú, Julai, baridi ya kuuma kucha.
Ford la Baba, la mwaka hamsini na moja,
linadondosha tone kila nikihesabu tisa;
gereji nzima yanuka petroli,
hata mkate wa asubuhi una ladha yake.

Baba alikuwa na dawa: sabuni ya mche.
Kila Jumamosi aliikanda kwa dole gumba,
akaipaka shingoni mwa nati, akasema, "Imepona."
Alipokufa mimi nikaongeza tepu nyeupe, mizunguko saba,
nikakaza hadi spana ikaniponyoka
ikanichuna ngozi ya kidole.
Tone. Tone.

Dada yangu Zulma hakuja mazishini.
Amekuja leo, kwa basi la kutoka Salto,
na kisanduku cha vyuma kizito kuliko sanduku la nguo.
Hakuniuliza hali. Alijitupa chini ya lori,
akabandua tepu yangu.
"Hesi hazizibi kitu, Olimpio.
Kazi yake kusukuma tu.
Kinachoziba ni mdomo wa paipu juu ya koni,
chuma kitupu kwa chuma kitupu."

Akamulika mdomo wa zamani:
mkwaruzo, mwembamba kama unywele wa mtoto.
Miaka kumi na minane tumeutibu kwa sabuni.

Alikata paipu mpya, akaipiga tupa,
akakwangua makali ndani na nje,
akaibana, akazungusha skrubu polepole
hadi mdomo ukafunguka kama ua la boga,
na kunjo la pili likalala juu ya la kwanza.
Akapitisha kidole. Laini.
Ndipo sote wawili tukaiona nati,
imekaa mezani, kando ya birika.

Mdomo ukishapanuka haupenyi nati.
Alitukana tusi la Baba, neno kwa neno,
kwa sauti ya Baba,
nami nikacheka, sikukusudia,
naye akacheka hadi akashika jiliwa asianguke.

Mara ya pili nati ilitangulia.
Tone la oili mgongoni mwa mdomo. Spana mbili.
Kaza, legeza, kaza, legeza,
"iache ijue pa kukalia,"
kisha kaza, basi.
Tukawasha injini, tukatandika gazeti chini ya kiungo,
tukakaa juu ya madebe.

Nilihesabu tisa. Nikahesabu tisini.
Gazeti kavu.
Zulma akatazama saa, akatazama mikono yake,
akauliza kama sabuni ya Baba bado ipo.

Ipo. Ina shimo la dole gumba.