Asiyekuwapo

Swansea. Mvua ya Februari inapiga dirisha kwa ubavu,
nami nahesabu visanduku vitupu.
Washiriki mia sita na kumi na wawili: mapafu ya wachimba makaa
na ya wake zao waliozifua zile nguo.
Mwezi wa tatu fomu zilirudi kibunda kwa kibunda.
Mwezi wa sita zikapungua.
Kufika mwaka, bahasha zaingia moja moja
kama wageni waliochelewa matangani.

Kwetu Korogwe twasema asiyekuwapo na lake halipo.
Nilimfasiria Gwenllian, kwa Kiingereza changu cha kupinda,
akaweka kikombe chini.
"Lake lipo," akasema. "Sisi ndio hatulioni."

Ndiye mtakwimu wetu, mwanamke wa soksi zisizolingana,
mwaka wa kumi na tisa huu anasoma pasipoandikwa.

Zamani, alinieleza, walilichukua jibu la mwisho
wakalivuta mbele, mwezi kwa mwezi.
Chukua namba 0417. Mwezi wa tatu aliandika:
Napanda ngazi za kanisa bila kusimama.
Basi wangemwacha pale pale ngazini,
mwezi wa sita anapanda, mwaka mzima anapanda,
hachoki, hazeeki,
hashuki.

Gwenllian humjaza mara hamsini,
kila mara tofauti kidogo,
ili tofauti zenyewe zikiri.
"Kujaza si kujua," hunirudia. "Ni kutojua kwa adabu."

Ila kuna kimya na kimya.
Yupo aliyekosa kwa kuwa fomu ililowa, mbwa kaitafuna,
posta iligoma. Huyo hana neno.
Na yupo aliyekosa kwa lile lile tulilomuuliza.
Unapumuaje?
Naye hana pumzi ya kulifikia sanduku la barua
kule juu kilimani.

Alhamisi nilimpigia 0417.
Akapokea binti. "Hayupo," alisema,
na nyuma ya neno hilo, chumba kile kile,
mtu akakohoa, akakohoa,
hakuwa amemaliza simu ilipokatwa.

Nikamwendea Gwenllian: niandike nini?
Kikohozi hakina safu.
Hakujibu upesi. Alifuta miwani kwa ncha ya sweta.
"Andika: hakupatikana. Hilo ndilo ulilopewa."

Usiku huo alikaa mpaka taa za ghorofa, zisizowaka pasipo mwendo,
zikamzimikia, akawa anapunga mkono gizani ziwake.
Tuseme walio kimya wana hali mbaya kuliko wasemao,
kwa alama mbili.
Tatu.
Kwenye nne na nusu tiba yetu ikayumba.

Mkuu wa mradi hakupenda. Alitaka sentensi fupi.
Gwenllian akampa ndefu, yenye "ikiwa" tatu,
na walipomaliza kubishana alikuwa bado na hizo tatu.

Nikienda kuchukua koti niliuona mchoro kwenye skrini yake:
ule mstari mwembamba wa jibu letu
umetanuka pande zote mbili,
kidogo tu,
upana wa kikohozi nyuma ya mlango.