Nusu Kijiko

Nusu kijiko.
Si kijiko kizima, kasema Bi Asumini,
mtaalamu wa viungo aliyepanda kutoka Ndanda kwa pikipiki,
viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi la Newala.
Nusu. Kisha ungoje.

Mimi nilizoea kumlaza Mfaume mapajani,
kichwa nyuma, kiganja changu mfereji,
uji ukishuka wenyewe
kama mvua ya bati inavyoingia tangini.
Ndivyo mama alivyoninywesha, na nikakua.
Akipaliwa, nampigapiga mgongo.
Kila masika kichomi, kila kichomi sindano.
Nikasema: hicho ni kifua cha ukoo wa baba yake.

"Tazama bati, Somoe. Juu kabisa.
Sasa meza mate."
Nikatazama. Nikameza.
Hayakwenda.
Koo langu zima, la miaka ishirini na tisa,
limegoma.
Sikusema kitu. Nilitoka nje
kukoroga uji usiohitaji kukorogwa.

Baba yake, mchonga mipini ya majembe,
akampima paja kwa uzi
kama anayeshona nguo ya Idi.
Kiti kikatoka kimoja kirefu upande; akakipasua, akaanza upya.

Sasa magoti yamekunjwa, nyayo juu ya tofali,
kanga yangu imemfunga kiunoni,
kidevu kimeinama kidogo.
Nami niko chini, macho kwa macho.
Uji wa muhogo, mzito, wa kung'ang'ania kijiko.
Nusu.
Kidole changu chini ya taya.
Nangoja koromeo lipande,
polepole, ndoo ya kisima cha bondeni,
lishuke.
Hakukohoa.

Saa nzima, kikombe kimoja.
Korosho zinaanguka shambani, hazina mwokotaji.
Wifi anapita: "Bado tu?"
Bado tu.

Kijiko cha kumi na tatu akafunga midomo,
akageuzia uso ukutani.
Mkono wangu wa zamani ukaamka,
ule wa kubana pua.
"Amesema," kasema Bi Asumini.
Amesema nini?
"Muulize mwenyewe."

Umeshiba, baba?

Macho yakatoka ukutani, yakanitafuta,
yakapepesa, yakatulia.
Miaka minne namlisha,
sikuwahi kumuuliza.

Tukakaa nusu saa, yeye wima kama alivyoagizwa,
bila haraka ya kwenda popote,
kuku wakigombea kilichobaki kikombeni.